Spea Chini ya Kitanda cha Celina

Asubuhi ile Eliakimu alipoinama kuivuta spea kutoka chini ya kitanda cha mwanawe, aliibonyeza kwa kidole gumba kama ilivyokuwa desturi yake, na kidole kikazama. Jana yake jioni alikuwa ameijaza upepo kwa mikono yake mwenyewe mpaka ikawa ngumu, akaigonga kwa spana ikaitika vizuri. Sasa ilikuwa imelegea, na hii ilikuwa mara ya nne katika wiki mbili. Alikaa pale sakafuni na fulana yake ya ndani, akahisi machozi ya hasira yanamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake.

"Hili dude linataka nini kwangu?" alisema.

Mkewe Severa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya rangi isiyo na sukari. Alimjibu kwamba huenda linataka kulala nje, kama matairi ya watu wengine.

Lakini nani alikuwa na tairi la kulaza nje? Miaka ile vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, tumeambiwa tufunge mikanda, nasi tulikuwa tumeifunga mpaka tundu la mwisho. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na tairi la gari kwa kibali chenye sahihi tatu. Kabla hujaipata sahihi ya tatu, matairi yenyewe yalikuwa yameshakwisha. Kariakoo ukiliacha gari dakika tano ukanywe chai, ukirudi unalikuta limesimama juu ya mawe. Ndiyo maana madereva wenye akili zao walikuwa na desturi moja: jioni unaifungua spea, unaibeba begani, unalala nayo nyumbani. Wapo walioipandisha mpaka kitandani, wake zao wakahamia mkekani. Tuliwacheka, lakini tuliwaelewa.

Eliakimu aliendesha pikapu ya ushirika mmoja wa ugawaji pale Mchafukoge, akipeleka unga na mafuta ya kula kwenye maduka ya ujamaa. Aliyemtangulia kwenye usukani ule, mtu mmoja akiitwa Ignasi, aliibiwa spea mchana kweupe Mtaa wa Sikukuu. Kamati ilimwita, ikamwita mhujumu, naye akarudi kwao Rombo na begi moja mkononi. Kwa hiyo siku Eliakimu alipokabidhiwa gari aliapa kwamba spea yake haitalala nje, hata ikibidi alale nje yeye. Alikuwa amepanga vyumba viwili nyumbani kwa Bi Kijakazi, Mtaa wa Narung'ombe, na katika vyumba hivyo nafasi ilikuwa moja tu, sebuleni, chini ya kitanda cha Celina.

Celina alikuwa na miaka sita. Walimpata baada ya miaka tisa ya ndoa na mimba tatu zilizoharibika, na Eliakimu, aliyekuwa mkali kwa kila kiumbe chenye masikio, kwa mtoto yule alikuwa maji. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani huko mbele kwamba alilipenda tairi kuliko mtoto. Sivyo. Ila uji wa mtoto ulitoka kwenye gari, na gari bila spea halikuruhusiwa kutoka getini.

Basi akaiburura spea mpaka kwa Safari, fundi pancha aliyekaa kwenye kona ya Mkunguni. Safari aliutoa mpira wa ndani, akautia upepo, akauzamisha kwenye karai la maji na kuuzungusha wote, taratibu, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Hakuna povu. Akatia mate kwenye valvu, akasubiri. Hakuna kitu.

Alisema mpira ni mzima, na kwamba akiubandika kiraka atakuwa anamwibia mtu. Eliakimu akamuuliza upepo unakwenda wapi basi. Safari akasema na yeye alitaka kumuuliza hivyo hivyo, maana ni Eliakimu anayelala nao. Kisha akaangalia kulia na kushoto, akashusha sauti.

"Nilipoufungua nimesikia harufu ya udi, Bwana Eliakimu. Si ya mpira, ya udi. Upepo huu uliujazia wapi?"

"Upepo ni upepo," alijibu Eliakimu, akainyanyua spea yake na kuondoka bila kuaga. Alikuwa amekasirika, lakini alipofika kwenye pikapu hakuiwasha mara moja, kwa sababu alikuwa anakumbuka vizuri sana alikoujazia.

Mara ya kwanza, wiki mbili nyuma, aliujazia Jangwani. Ilikuwa Ijumaa, saa saba mchana, jua liko utosini, naye anapeleka magunia ya unga Magomeni. Katikati ya bonde la Msimbazi gurudumu la nyuma kushoto likala msumari. Alisogea pembeni, akafanya kila kitu kama afanyavyo mtu anayeijua kazi. Aliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele gari lisitembee. Alizilegeza nati gurudumu likiwa bado chini, maana ukilinyanyua kwanza litakuzungukia bure. Ndipo akaweka jeki. Jeki ikazama. Udongo wa bonde lile ni laini. Akaichomoa akaihamisha, ikazama tena, na gari lenye magunia ishirini likamwangalia tu. Aliilaani jeki, akalilaani bonde, akamlaani na mtu aliyemwaga ule msumari barabarani pamoja na ukoo wake.

Alihitaji kitu kipana na kigumu cha kuweka chini ya jeki. Hatua kumi kutoka barabarani, kwenye majani ya ukingo wa mto, aliona chano, ile sinia pana ya mbao ya watu wa pwani, kimepangwa vitu juu yake: mayai mawili, tende, kitambaa chekundu, kichupa cha marashi, na kijiti cha udi kilichokwisha kuungua. Mtu wa Kariakoo wa kuzaliwa angeinamisha macho na kupita mbali, tena akimtaja Mungu. Eliakimu alikuwa Mlutheri wa Machame. Yeye aliona ubao mzuri wa mvule. Akavimwaga vile vitu majanini, akakiweka chano chini ya jeki, na jeki ikasimama kana kwamba iko juu ya saruji.

Alipoishusha spea akakuta imepungua upepo, maana ilikuwa ya kipara na ilikuwa imekaa muda bila kutumika. Akatoa pampu ya mkono. Mwanzoni ilikuwa kazi ya punda. Lakini alipofika kama pigo la hamsini mpini ukawa mwepesi, ukashuka wenyewe na kupanda wenyewe, kama vile kuna mtu upande wa pili anayeupokea, na kukatokea harufu tamu asiyojua inatoka wapi. Hakushtuka. Alikuwa amechoka na kukasirika kiasi cha kushukuru kwa lolote, akaanza hata kuimba pambio. Akalifunga gurudumu, akazikaza nati kwa kukingamisha, moja huku, moja ng'ambo, akalishusha gari, akazikaza tena, akakitupa chano mtoni na kwenda zake Magomeni. Kesho yake, lile tairi la msumari lilipozibwa, alirudisha kila kitu mahali pake. Zima likarudi kwenye gari, na lile la kipara likarudi kuwa spea, chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Kwanza ilikuja harufu ya udi, kila magharibi, katika vyumba vya watu ambao maishani mwao hawakuwahi kuchoma hata ubani. Severa aliyanusa mashati ya mumewe siku tatu mfululizo, ya nne akamuuliza mwanamke huyo wa Kimanyema anakaa mtaa gani. Waligombana mpaka wapangaji wakatoka uani. Eliakimu aliona maisha yamemwonea sana: anatumwa na ushirika, anaibiwa na foleni, tairi lake linaisha upepo bila tundu, na sasa anatuhumiwa mwanamke ambaye hata sura yake haijui.

Kisha ikaja sauti. Severa ndiye aliyeisikia kwanza, akiwa anasonga ugali kwenye jiko lake dogo la mkaa karibu na mlango, adhana zimeanza kupokezana huko Kariakoo, na Celina amelala, jambo ambalo lilikuwa geni, kwa sababu mtoto yule hakuwahi kulala saa hizo. Alisikia mtoto anahema, pumzi fupi za mtoto, na akaendelea kusonga, halafu akasikia chini ya zile pumzi fupi pumzi nyingine, moja, ndefu, inayovutwa ndani na kuendelea kuvutwa, ikapita kipimo cha kifua cha mtoto, ikapita kipimo cha kifua cha mtu mzima, ikaendelea kuvutwa mpaka Severa akagundua kwamba mwiko umesimama mkononi na yeye mwenyewe amezuia pumzi yake akiingoja ile iishe, na ugali umeanza kuungua. Akaita jina la mtoto. Ile ndefu ikakatika. Kisha zile pumzi fupi zikaendelea peke yake.

Na baada ya sauti kikaja kifua. Kila jioni spea ilipoingia ndani Celina alibanwa, mabega yakapanda, midomo ikabadilika rangi. Kila asubuhi spea ilipotoka alipumua vizuri na kudai uji. Hospitali walisema ni vumbi, wakampa vidonge vyeupe. Severa alifagia mpaka sakafu ikaanza kutoka saruji. Jioni mtoto akabanwa tena.

Siku moja Eliakimu alikaa kando ya kitanda akamshika mkono mwanawe, akamuuliza anaumwa wapi. Celina alichukua muda kujibu, maana kila neno ilibidi alivutie pumzi.

"Mgeni wa chini anaomba atoke," alisema. "Nikimwambia sijui mlango, ananibana."

Eliakimu hakumuuliza mgeni gani. Aliinama akaivuta spea, akaibeba mpaka uani, akaifunga kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya banda la jiko. Na hata hapo, mnamjua mwenyewe, alilivuta lile kufuli mara tatu kuhakikisha limeshika.

Bi Kijakazi alitoka na kopo lake la maji kwenda kutia udhu. Alikuwa mwanamke mzito wa mwili na mwepesi wa macho, mzaliwa wa nyumba ile ile, na hakuwa na mazoea ya kuingilia mambo ya wapangaji. Alipofika usawa wa banda alisimama. Akatega sikio, kopo mkononi, halafu akamwita Eliakimu kwa kidole.

"Eliakimu mwanangu, umemleta nani nyumbani kwangu?"

"Shikamoo bibi. Ni spea tu ya ofisi."

"Marahaba. Spea haivuti pumzi. Njoo usikilize."

Eliakimu akachutama, akaweka sikio kwenye tairi. Kwanza alisikia damu yake mwenyewe ikigonga. Kisha, kutoka ndani ya mpira, karibu na shavu lake kabisa, akasikia kitu kinajigeuza, taratibu, kinazunguka ringi nzima kama mtu aliyefungiwa chumba cha giza anavyopapasa ukuta kutafuta mlango, kikafika kwenye valvu kikasimama, kikapuliza, fyuu, kidogo tu, na upepo wa uvuguvugu wenye harufu ya udi ukampitia masikioni na shingoni, kisha kikaanza upya kuzunguka, kwa upande mwingine, na safari hii alikisikia kinanung'unika, si kwa maneno, bali kwa mnung'uniko wa mtu aliyezungushwa ofisi kwa ofisi mpaka amechoka, na Eliakimu, aliyeujua mnung'uniko huo kuliko hata sauti ya mama yake, akaanguka kwa makalio na kurudi nyuma kwa mikono mpaka ukutani.

Asubuhi Bi Kijakazi alimtuma mtu Gerezani kumwita binamu yake, Mzee Nassibu. Huyu alikuwa amestaafu kazi ya reli, mtu mwembamba, kanzu na koti, na alikuwa na sifa ya kuyajua mambo hayo bila kupiga kelele. Hakupunga pepo wala hakutoa macho. Aliweka kiganja juu ya tairi, akauliza maswali kama karani: siku gani, saa ngapi, mahali gani, ulisimamaje, uliona nini. Eliakimu alimweleza yote. Alipofika kwenye chano, Bi Kijakazi alijifunika uso kwa kanga.

"Ukakiweka chini ya jeki," alisema Mzee Nassibu, kama anayetaka kuhakikisha amesikia sawa.

"Niliona ni ubao tu, mzee."

"Huyu jini alikuwa ameshaagwa. Kuna nyumba amewasumbua watu, wakamwandalia chakula chake, wakamsindikiza mpaka mtoni kwa heshima, akakubali. Wewe umemkuta anakula. Umemmwagia sahani, umemvuta kwa pampu, umemfungia chini ya kitanda. Kila akiusukuma upepo nje atafute njia, jioni wewe unamrudishia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Mzee akamweleza dawa, na ilikuwa nyepesi kuisema. Lazima arudi pale pale, saa ile ile ya jua la utosi, aombe radhi, aifungue valvu, na aiache spea pale. Asiondoke nayo, kwa sababu mgeni ameshaizoea, ikiondoka ataifuata. Na jambo lifanyike mara moja liishe. Mzee alilirudia hili mara mbili: jini aliyeagwa akarudishwa, akaagwa tena akarudishwa, huyo hasikii tena chano wala dua ya mtu yeyote, na yeye Nassibu asiitwe.

Hapo ndipo Eliakimu alipopandwa na hasira zake zote. Alisema ile ni mali ya umma. Alisema amewekea sahihi. Alisema Ignasi kwa tairi kama lile amerudishwa Rombo, na Ignasi aliibiwa, hakwenda kulitupa kwa miguu yake. Aliuliza kama haiwezekani kuutoa mpira wa ndani tu ukabaki huko, yeye akarudi na ringi na tairi. Aliuliza kama haiwezekani kuandika barua. Mzee Nassibu alimwacha amalize. Na pale alipokuwa anatafuta neno lingine, Severa alitoka ndani amembeba Celina, akaja akamweka mapajani pa baba yake. Eliakimu alisikia kifua cha mtoto kikikwaruza chini ya kiganja chake, maana asubuhi ile spea haikuwa imetoka nyumbani.

"Nitalipeleka," alisema.

Alifika Jangwani saa saba kasoro. Alisimamisha pikapu pale pale, mashimo ya jeki bado yanaonekana kwenye udongo. Akaiteremsha spea, akaiviringisha mpaka kwenye majani ya ukingo, akailaza. Barabarani magari yalipita machache. Aliona aibu kulisemesha tairi, kisha akakumbuka midomo ya mwanawe, akasema kwa sauti ya chini kwamba amekosa, kwamba hakujua, kwamba na yeye amezungushwa sana katika maisha haya na anaelewa. Akachutama, akachomeka msumari mdogo kwenye valvu.

Upepo ulitoka. Ulitoka kwa sauti ya kawaida mwanzoni, sauti anayoijua kila dereva, na akawa anahesabu moyoni kwa sababu mpira kama ule huisha kabla hujafika mia, akafika mia ukawa bado unatoka, akafika mia mbili ukawa bado, uvuguvugu ukawa joto, udi ukawa mkali mpaka macho yakamwasha, majani ya ukingo yakalala upande mmoja hatua kumi nzima ilhali miti ya ng'ambo imetulia kabisa, na kivuli chake mwenyewe, kilichokuwa kidogo chini ya miguu yake kwa jua lile la utosi, akakiona kina urefu, kina urefu wa mtu aliyesimama nyuma yake, kinainuka, kinajinyoosha kama anavyojinyoosha mtu aliyekaa sana kwenye kiti kibovu, kikapita juu ya majani kuelekea mtoni bila haraka, na upepo ukakatika. Tairi likabaki limelala, tupu, harufu yake ya mpira basi.

Akasimama. Sasa ilibaki kuondoka tu, na anayeijua miaka ile ataelewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ngumu. Kumwogopa jini kila mtu anaweza. Kuliacha tairi zima porini, ringi yake, namba ya ushirika imepakwa kwa rangi nyeupe ubavuni, ukaligeuzia mgongo kwa hiari yako, hilo linataka moyo. Alipiga hatua tatu akasimama. Akamtaja Celina kwa sauti, akapiga nyingine.

Hakutaka kungoja agunduliwe. Alikwenda moja kwa moja ofisini Mchafukoge kumwona meneja, Ndugu Kasmir, akawekwa benchini mpaka saa kumi na moja, kwa sababu Ndugu Kasmir alikuwa kwenye kikao. Alipoingia alisema spea imepotea. Hakueleza, maana angeelezaje? Meneja alimtazama kwa huzuni ya kweli, akanyoosha mkono kuomba ufunguo wa gari, akamwambia kamati itakaa Jumatatu na kwamba ni afadhali aje na shahidi. Eliakimu hakuwa na shahidi ambaye kamati ingemkubali. Akatoka, akatembea kwa miguu kwenda nyumbani, na kwa mara ya kwanza katika majuma mengi hakuwa amekasirika. Kazi imekwenda, basi ikaende. Mtoto atapumua. Alimnunulia Celina karanga za kukaanga njiani.

Nje ya nyumba, Mtaa wa Narung'ombe, kulikuwa na pikapu nyingine ya ushirika. Barazani alikaa Pius, dereva mwenzake, kijana wa watu mwenye roho nzuri, anakunywa maji na kutabasamu kama mtu anayengojea kushukuriwa.

"Kaka, una bahati ni mimi niliyepita pale," alisema Pius, akasogea asisikike na majirani. "Nilikuwa natoka Magomeni saa tisa, nikasimama kuchimba dawa pale bondeni, mkojo umenibana, nikaona namba yetu kwenye majani. Nikajua tu boliti ya kwako imelegea, spea imedondoka. Nikasema nikiipeleka ofisini watakuchinja. Nimekuletea huku huku."

Eliakimu alifungua mdomo. Karanga zilikuwa mkononi.

"Iko wapi?"

"Ndani. Ningeiacha nje mtaa huu? Mama Celina yuko foleni ya sukari, mtoto mzima kabisa leo ndiyo maana kathubutu kutoka, na bibi yuko uani. Celina mwenyewe kanifungulia, kanionyesha mahali pake chini ya kitanda." Pius alicheka kidogo. "Na usihangaike na pampu. Niliikuta imelala tupu, nikaijaza pale pale nilipoikuta, nisije nikakuletea tairi lililokatwa na ringi."

Adhana ya kwanza ilikuwa inaanza upande wa Msimbazi. Eliakimu alimpita Pius bila kumwona, akapita ukumbini ambako hakukuwa na harufu yoyote, wala ya udi wala ya chakula, akaukuta mlango wa sebule umerudishwa, akausukuma kwa vidole, na ndani akamwona mwanawe amekaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja juu, vidole havigusi ukingo, anapumua vizuri, taratibu, kama mtu anayejitahidi asisikike.

"Njoo, mama," alinong'ona, akamnyooshea mikono.

Celina alitikisa kichwa. Alielekeza chini kwa macho tu.

"Baba, amerudi na mwenzake," alisema. "Huyo mwenzake haombi kutoka."